Sauti ya Sita

Mwaka jana kijana mmoja aliingia studioni kwangu hapa Tunduma, akakaa kwenye stuli bila kuvua koti. Mama yake aliimba kwenye kwaya niliyoirekodi miaka minne nyuma. Sasa ni marehemu. Wimbo wenyewe kijana alikuwa nao kwenye simu. Alitaka sauti ya mama yake peke yake, bila kinanda, bila wenzake.

Nikafungua projekti. "Sauti 1", "sauti 2", "sauti mpya", "sauti mpya kweli". Akina mama kumi na mmoja, na mimi niliyewasogezea maikrofoni mmoja mmoja sikujua yupi ni yupi. Tukasikiliza moja baada ya nyingine. Ya sita ilipoanza, kijana akainamisha kichwa. Baadaye akaniuliza kwa upole: "Kwani hukuwaandika, kaka?"

Nafasi ya kuandika ilikuwepo siku zote. Kwenye FL Studio, programu ya kutengenezea muziki ambayo wa rika langu bado tunaiita Fruity ingawa jina lilibadilishwa 2003, unabonyeza F11 na dirisha la taarifa linafunguka: jina la wimbo, mtunzi, na nafasi ya maelezo. Ukitaka, hujitokeza lenyewe kila unapofungua faili. Cubase na Reaper nazo zina pa kuandikia. Daftari la karatasi nilikuwa nalo, lakini huazimwa, hulowa. Maelezo yaliyomo ndani ya faili huenda na faili, hata likivuka mpaka na flashi hadi Nakonde.

Na mji wetu ni wa wapita njia. Dereva anayesubiri zamu ya kuvuka kuelekea Zambia au Kongo anarekodi ubeti usiku, kukicha hayupo. Akirudi baada ya miezi, anakuta nimesahau hata tulikubaliana nini.

Siku hizi naandika mtu akiwa bado kasimama mbele yangu. "Ubeti wa pili, dada wa Vwawa, Kinyiha. Neno la mwisho nisilinyooshe, ndivyo bibi yake alivyolitamka." Au: "Dakika ya pili, honi ya lori. Kasema iachwe." Vijana wananiambia sikio litawakumbusha. Sikubaliani nao. Sikio litakurudishia noti. Ombi la yule dada haliwezi kulijua.

Kijana alipoondoka na flashi yake, nilibonyeza F11, nikaandika majina ya mama yake, yote matatu, na mbele yake namba sita.