Umbali na Udhuru

Umbali una vipimo viwili: kilomita za ardhi na saa za safari. Kipimo cha kwanza hakibadiliki. Cha pili hubadilika kwa kila zama. Kati ya viwili hivi limezuka swali ambalo si dogo: njia ikifupishwa, je, wajibu wa mtu kwa mwenziwe huongezeka?

Katika karne ya 19 safari ya kutoka Ziwa Tanganyika hadi Bagamoyo ilikuwa kazi ya miezi. Chuma na Susi, pamoja na wenzao, waliuchukua mwili wa Livingstone kutoka Chitambo mwaka 1873, wakafika pwani mwaka 1874. Zama hizo mtu aliyekosa maziko hakulaumiwa, maana habari yenyewe ilimfikia kaburi limekwisha ota majani. Umbali ulikuwa udhuru kamili.

Leo mambo ni mengine. Kutoka kiwanja cha ndege cha Mpanda hadi kile cha Dar es Salaam ni kiasi cha kilomita 900 kwa njia ya hewani, na ndege huzimaliza kwa saa chache. Simu hupeleka habari ya ugonjwa kwa nukta moja. Mwana aliye Dar es Salaam, ambaye mamaye yu mgonjwa Sibwesa, hawezi tena kusema "ni mbali" kama walivyosema babu zake. Akiwa na nauli na nafasi, naye akasema hivyo, haelezi habari ya njia. Aeleza habari ya moyo wake.

Walakini, kumhukumu kila mwana kwa mwendo wa ndege ni dhuluma. Ashukaye Mpanda bado ana barabara mbele yake kabla ya kuiona Sibwesa, na wakati wa masika barabara ya udongo haina ahadi. Tena, kilomita 900 ni fupi kwa mwenye fedha. Kwa kibarua ni ndefu karibu sawa na siku za misafara. Basi wajibu wa mtu hupimwa kwa uwezo wake mwenyewe, wala haupimwi kwa uwezo wa chombo asichoweza kukipanda. Jamii ijengayo viwanja vya ndege ina deni la kutengeneza njia za vijijini pia.

Karema, katika wilaya ile ile ya Tanganyika iliyo na Sibwesa, aliishi tabibu Adrien Atiman. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, akatekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa, akasomea uganga Malta. Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, akatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Kwao kulikuwa mbali kuliko pwani. Walakini mgonjwa aliyemhitaji alimpata karibu.

Kumbe mwendo wa kasi haumleti mtu karibu. Humwondolea sababu ya kukaa mbali. Afikaye kwa treni na kwa miguu, amechelewa siku nne, amefika. Awezaye kufika kwa saa chache asifike, huyo ndiye aliye mbali.