Kivuli cha Ghorofa Ni cha Nani?

Shangazi yangu anaishi Kisaasi, pembezoni mwa Kampala. Zamani alianika karanga uani tangu asubuhi. Mwaka jana jirani alimaliza jengo la ghorofa nane upande wa mashariki, na sasa jua hufika uani saa tano. Hakunyang'anywa hata futi moja ya ardhi. Je, amedhulumiwa?

Wenzangu hupenda kupima maendeleo yetu kwa kutazama Nairobi. Kweli, wametutangulia. KICC, yenye ghorofa 28, ilikamilika mwaka 1973, Uganda ikiwa chini ya Idi Amin. Baadaye Upper Hill, uliokuwa mtaa wa nyumba zenye bustani, ukapata jengo la Britam lenye mita 200. Kilimani na Kileleshwa nako nyumba nyingi za chini zimepisha majengo ya kupangisha. Kampala ilikuwa na urefu wa aina nyingine, wa vilima: Rubaga, Namirembe, Kibuli, Kasubi. Juu walikaa Mungu na wafalme. Siku hizi anayepanda juu ni mwenye mkopo wa benki. (Natania, lakini si sana.)

Rafiki yangu anayesoma jiografia alinipinga. Tusipojenga kwenda juu, alisema, tutajenga kwenda pembeni, na huko ni vinamasi. Anayefukia kinamasi cha Lubigi huwaongezea watu wa Bwaise mafuriko. Hoja hiyo ina nguvu, nami naikubali. Ila inathibitisha tu kwamba ghorofa lina faida kwa mji. Haithibitishi kwamba gharama yake aibebe shangazi. Wala wapangaji wa jengo lile hawakutoka Bwaise. Kodi yake wa Bwaise hawaiwezi.

Ibara ya 26 ya Katiba ya 1995 humlinda mtu asinyang'anywe mali bila fidia. Lakini jua si mali ya shangazi. Hakulinunua, wala hawezi kuliuza. Nadhani hapo ndipo tunapokwama: tunaamini mtu hudhulumiwa katika kile anachokimiliki tu. Mbona mtoto hamiliki upendo wa mzazi, na akinyimwa tunasema amedhulumiwa?

Nilimuuliza shangazi kama angeshtaki. Akacheka: "Mwanangu, nimshtaki kwa kuziba mbingu?" Siku hizi huanika karanga juu ya banda la kuku. Hupanda kwa ngazi ya miti, naye ana miaka 68.