Tusipite Pakwach Tumelala



Vijana wetu wa kwaya wanajiandaa kwenda Entebbe, wapande mashua hadi kisiwa cha Ngamba kuwaona sokwe. Kila mazoezi sasa yanaishia kwenye habari za kisiwa: mawimbi ya ziwa yakoje, sokwe wanauma au hawaumi, mashua inachukua muda gani. Barabara ya kutufikisha huko haitajwi, ila kuulizana kama tupande basi la usiku. Basi la usiku linasifiwa kwa jambo moja: unapanda Arua jioni, unalala, unaamka Kampala. Wiki hii nataka tuziangalie hizo saa tunazotaka kuzilala.

Someni Mwanzo 28. Yakobo alikuwa hajafika popote. Nyuma yake kuna Beer-sheba, mbele kuna Harani kwa mjomba wake Labani, na jua limemchwea njiani. Akatwaa jiwe, akaliweka chini ya kichwa, akalala. Hapo ndipo alipoiona ngazi na malaika wakipanda na kushuka. Alipoamka hofu ilimshika, akakiri kwamba Bwana alikuwapo mahali pale na yeye hana habari. Mawazo yake yote yalikuwa Harani: mke, mjomba, kujificha na hasira ya ndugu yake Esau. Mungu hakumngojea Harani. Alimkuta siku ya safari, ile siku ambayo msafiri huihesabu kuwa imepotea.

Sisi tuna kilomita zaidi ya 50 kutoka Koboko hadi Arua, na karibu 500 kutoka Arua hadi Kampala. Ukipita Nebbi barabara inateremka kuelekea Nile, joto linapanda, na Pakwach wachuuzi wanakimbilia madirisha ya basi wameinua mabeseni ya samaki waliokaushwa. Ukivuka daraja mchana, inua macho. Mara nyingine tembo wamesimama karibu kabisa na lami, tope limekauka miguuni, masikio yanapepea polepole, na abiria wote wanahamia upande mmoja wa basi. Mtu aliyezaliwa Arua na kwenda Kampala kila mwaka anaweza kuzeeka bila kuwaona, kwa sababu kila mara amepita hapo usiku, shuka usoni.

Karuma vilevile. Maji yanachemka meupe chini ya daraja, na nyani wameketi kando ya barabara, watoto wao wakining'inia tumboni. Daraja hilo la mwaka 1963 lilipofungwa kwa matengenezo mwaka 2024, mabasi yetu yalizungushwa kupitia Masindi na Paraa, katikati ya hifadhi ya Murchison. Watu walinung'unika, na walikuwa na haki, maana safari ilirefuka. Lakini walipitishwa mahali ambapo wageni hulipa fedha nyingi kupaona.

Mbele zaidi, Nakitoma, kuna Ziwa, hifadhi ya vifaru. Hapa nawaomba vijana wanyamaze kidogo basi linapopita. Katika Uganda yote, kifaru mweupe wa asili aliishi upande wetu huu, magharibi ya Nile. Jina la Rhino Camp halikuja bure. Mwaka 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani Marekani, alipiga kambi maeneo hayo kuwawinda. Ajai kule Madi-Okollo palikuwa kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakubaki kifaru hata mmoja porini Uganda. Ndiyo miaka ileile wazee wetu walipokimbilia Kongo na Sudan na watoto mgongoni. Bunduki zilizowafukuza watu zilimaliza na wanyama. Vifaru wa Ziwa walianza kuletwa mwaka 2005, wanne kutoka Kenya na baadaye wawili kutoka Marekani, nao ni wa ukoo wa kusini. Wa ukoo wa kwetu, tangu dume aitwaye Sudan alipokufa Machi 2018, ninaowajua ni majike wawili walioko Ol Pejeta, Kenya: Najin na Fatu.

Nasema haya kanisani kwa sababu ni habari ya kanisani. Soma Mwanzo 9: baada ya gharika Mungu alifanya agano na Nuhu, na wanawe, na kila chenye uhai kilichotoka safinani. Mnyama yumo ndani ya agano. Tumezoea kuhubiri upinde wa mvua kana kwamba umewekwa kwa ajili yetu peke yetu, na hilo ni pungufu. Leo Rhino Camp wanaishi wakimbizi kutoka Sudan Kusini, mahali penye jina la mnyama aliyetoweka. Msafiri anayelijua hilo ataomba tofauti akifika Ngamba.

Maana sokwe wa Ngamba nao wengi ni yatima. Mama zao waliuawa, wao wakakamatwa wauzwe. Kisiwa kilifunguliwa kwa ajili yao mwaka 1998, kilomita kama 23 kutoka Entebbe. Sokwe hajui kuogelea, kwa hiyo maji ndiyo ua wake. Wako kama 50, na msitu ule mdogo hauwezi kuwashibisha, hivyo watunzaji huwaletea chakula kila siku. Na mafua yetu yanawaambukiza, kwa hiyo kijana atakayeamka anakohoa aseme mapema. Kubaki Entebbe siku hiyo ni upendo pia.

Basi tumwombe dereva wa asubuhi. Wazazi, someni Zaburi ya 121 na watoto kabla hawajatoka nyumbani. Wasafiri wa Yerusalemu waliiimba wakiwa bado barabarani. Vijana, msiwatupie nyani wa Karuma chakula, maana kinawavuta barabarani na magari yanawaua. Na kwa kuwa basi la asubuhi halitawangoja wa Koboko, inabidi walale Arua usiku wa kuamkia safari. Familia za Arua zenye nafasi ya mgeni mmoja au wawili, tafadhali andikisheni majina kwa katibu wa kwaya baada ya ibada ya Jumapili.