Mguu Usiosikia

Wahenga walinena: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Je, na guu lenyewe lisiposikia?

Katika machimbo ya Geita na Shinyanga, mchimbaji mdogo hushuka duarani kutafuta riziki ya siku kwa siku. Akivunjika kifundo cha mguu, hupasuliwa na mfupa ukaungwa kwa vyuma na skrubu. Kwa mwenye kisukari, huo ni mwanzo wa mtihani. Sukari iliyozidi damuni kwa miaka huchelewesha kidonda kufunga na mfupa kushikana. Wiki 6 za kutokanyaga huweza kufika 12. Mishipa ya fahamu nayo hufa ganzi. Mtu hukanyaga kwa kuwa haumwi, kumbe kifundo kinasagika ndani kwa ndani. Charcot, tabibu wa Paris, alieleza viungo viharibikavyo hivyo mwaka 1868, na mguu huo hata leo huitwa kwa jina lake.

Basi maumivu ni adui au mlinzi? Asiyeyasikia hana budi kuazima masikio: jicho la mkewe likagualo unyayo kila jioni, kipimo cha sukari, kauli ya daktari. Kuuamini ushauri ambao mwili wako hauushuhudii ni ujasiri kuliko kusimama mapema.

Lakini subira haipikwi chunguni. Mgonjwa aambiwapo angoje miezi 3, swali huwageukia jamaa na wenziwe wa duarani: nani atawalisha wanawe? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na wakuu wasiposikia njaa ya mgonjwa, humvunja mara ya pili.