Mazoea na Mazoezi: Je, Mwili Hujifunza Wema?

Husemwa mara nyingi katika shule zetu kwamba michezo hujenga tabia. Mwalimu mkuu huitamka kauli hii siku ya mashindano, wazazi hupiga makofi, wala hapana aulizaye maana yake. Sisi tunaofundisha lugha yatupasa kuuliza, kwa kuwa ndani ya kauli hiyo limo swali zito: je, mwili ukifundishwa, mtu naye hufundishika? Au mkono waweza kuwa hodari, na mwenye mkono akabaki vilevile?

Tutalitazama swali hili kutoka West Nile, pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda, katika miji ya Arua na Koboko. Kiswahili cha huko, kwa sehemu kubwa, kilipitia jeshini. Vijana wengi waliandikishwa katika King's African Rifles, jeshi la kikoloni lililotoa amri zake kwa Kiswahili, hata kurutu akajua kugeuka kulia kabla hajaweza kutunga sentensi. Tena ni huko kulikotoka asili ya wanamichezo wawili ambao majina yao yalivuka mipaka, mmoja kwa heri na mmoja kwa shari.

Lugha yenyewe yatupa mwanga kidogo. Katika kitenzi zoea twapata mazoea. Katika zoeza, mazoezi. Masikioni maneno haya ni ndugu, bali maana zake zimeachana. Mazoea humjia mtu yakamganda, naye asijue yalianza lini. Mazoezi yana mtendeshaji: yuko anayezoeza, na liko jambo ambalo mtu anazoezwa. Aliyewahi kufundisha kauli ya kutendesha ataona upesi tunakoelekea.

Basi mwili huzoezwa nini hasa? Tumtazame Dorcus Inzikuru, aliyezaliwa mwaka 1982 huko Vurra, karibu na Arua. Mwezi Agosti 2005, mjini Helsinki, alishinda mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji kwa dakika 9 na sekunde 18.24, akawa mwanamke wa kwanza kabisa kuwa bingwa wa dunia wa mbio hizo. Mkimbiaji huruka mara 35: viunzi 28 na maji mara saba. Kiunzi cha wanawake hufikia sentimeta 76 na ushee, nacho ni boriti nzito isiyoanguka ikigongwa. Hapana mistari ya kumtenga mkimbiaji na wenzake. Hukifikia kiunzi akiwa amesongwa, safari hii mguu wa kulia ukiwa mbele, safari nyingine wa kushoto, na uchovu ukizidi kila mzunguko. Kama angekuwa amekariri mruko mmoja tu, kiunzi cha pili kingemwangusha.

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Katika miaka ya 1920 mjini Moscow, mtaalamu Nikolai Bernstein aliwafunga mafundi taa ndogo mwilini na kuwapiga picha walipokuwa wakigonga patasi kwa nyundo. Aliona kwamba fundi stadi hupiga palepale kila mara, lakini njia ya nyundo hewani haifanani kamwe na ya pigo lililopita. Bega likichelewa kidogo, kiwiko hufidia. Fundi, kwa hiyo, hakujifunza mwendo; alijifunza kulitatua tatizo lilelile upya kila mara. Wenzetu wanaowakaririsha wanafunzi sentensi moja mara hamsini wangefaidika kulitafakari hili, lakini hayo ni mambo ya siku nyingine.

Sasa twende Koboko. Ukoo wa baba yake Idi Amin ulikuwa wa Wakakwa wa huko. Amin aliingia King's African Rifles mwaka 1946, akaanzia jikoni, na tangu 1951 hadi 1960 alijulikana kuwa bingwa wa ngumi wa Uganda. Bondia hutii kengele. Huacha kupiga mpinzani akianguka, hampigi chini ya mkanda, na mwamuzi akiingia kati hurudi nyuma, hata kama hasira ingali inachemka. Ikiwa michezo hujenga tabia, miaka tisa ya kujizuia namna hiyo ingetosha. Twajua alivyotawala tangu 1971 hadi 1979, na idadi ya waliouawa huhesabiwa kwa malaki.

Hatuyasemi haya kuwalaumu Wakakwa. Baada ya 1979 watu wa West Nile walilipizwa kisasi kwa ajili ya mtu mmoja, na maelfu walikimbilia Zaire na Sudan. Inzikuru alizaliwa katika siku hizo.

Atakuja mtu aseme kwamba Aristotle alikwisha kufundisha kuwa tunakuwa waadilifu kwa kutenda uadilifu, kama mjenzi awavyo mjenzi kwa kujenga. Nasi twakubali. Lakini tuulize bondia alitenda nini. Alizoezwa kuacha kupiga kengele inapolia, mbele ya mwamuzi, ndani ya kamba. Hilo alilijua vyema. Kujizuia mahali pasipo kengele wala kamba ni kiunzi kingine, na hakuna aliyempeleka kukiruka. Kwa maoni yetu kosa haliko katika ngumi. Liko katika kudhani kwamba pigo moja la nyundo, likirudiwa sana, hufundisha mapigo yote.

Kwa sababu hiyo twawatazama kwa hamu watoto wanaocheza jioni viwanjani bila mtu mzima, mpira wao ukiwa wa matambara. Hawana filimbi. Aliyeugusa mpira kwa mkono, pasipo kuonekana, hana budi kuamua mwenyewe kama atasema. Asiposema na akashukiwa, mchezo husimama, wote huzungumza kwa pamoja, mashahidi huitwa, mwenye mpira hutishia kwenda nao nyumbani. Nusu ya jioni huweza kuishia hapo, na mwalimu apitaye njiani hushawishika sana kuingia kati ili wapate kuendelea kucheza.