Gharama ya Jina la Pili Katika Leseni

Miongoni mwa masomo ya lugha tunayoyafundisha, hakuna lililo kavu kama somo la kujaza fomu. Mwanafunzi huandika jina lake, tarehe ya kuzaliwa na anwani. Kisha hufika kwenye mstari usemao "Mtu wa kuarifiwa wakati wa dharura", naye huandika jina la mamaye au la nduguye bila kusita. Hatujapata kumwona aliyeinua kichwa akauliza kama mtu huyo ameridhia. Swali hilo ndilo tunalotaka kulizungumza. Mfano wetu tutautoa mbali, katika jimbo la Florida nchini Marekani, kwa kuwa huko mstari huo umeunganishwa na leseni ya udereva, na mambo yaliyotokea huko yaonyesha pande zote mbili za jambo lenyewe.

Tarehe 7 Desemba 2005 binti mmoja wa Florida alikufa katika ajali ya pikipiki. Mamaye alikaa zaidi ya saa sita asipate khabari. Leseni humwambia polisi aliyelala barabarani ni nani na anwani yake ni ipi. Haimwambii ni nani anayemngojea. Mama yule hakunyamaza. Alimwendea mbunge wa jimbo, Bill Galvano, na mnamo Oktoba 2006 ukaanzishwa utaratibu ambao kwao dereva huweza kuandikisha watu wawili wa kuarifiwa pamoja na namba zao za simu. Halazimishwi, wala hatozwi ada. Majina hayo hayachapishwi juu ya leseni. Yamo ndani ya kumbukumbu za serikali, na polisi huyafungua panapokuwa na dharura. Majimbo mengine yalifuata, na New Jersey ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2011.

Fedha hatutazizungumza. Kuongeza mistari miwili katika kumbukumbu zilizokwisha kuwapo si jambo la kuifilisi hazina. Gharama tunayoitafuta ni nyingine, nayo hulipwa na mtu ambaye hakuwapo dirishani siku leseni ilipoandikwa.

Wamarekani wenyewe walikwisha kuonywa. Mwaka 1989 mwigizaji Rebecca Schaeffer aliuawa mlangoni pake mjini Los Angeles, na muuaji alikuwa ameipata anwani yake kwa njia ya mpelelezi wa kukodiwa, kutoka katika kumbukumbu za magari za California. Kwa sababu ya mambo kama hayo, mwaka 1994 ilitungwa sheria ya nchi nzima ya kulinda siri za madereva. Lakini sheria hufunga mlango wa nje tu. Mwaka 2011, huko huko Florida, askari mmoja wa kike wa barabara kuu alimsimamisha polisi mwenzake aliyekuwa akienda mwendo wa zaidi ya maili 100 kwa saa, akamtia pingu. Baada ya hapo askari zaidi ya 80 walizifungua kumbukumbu zake, jumla zaidi ya mara 200, ilhali hapakuwa na kesi yoyote juu yake. Ilimpasa aende mahakamani. Na kumbukumbu hizo ni zile zile anazozifungua polisi anapomtafuta mtu wa kuarifiwa.

Basi na tupime. Ikiwa askari mwenye sare hakusalimika na macho ya wenziwe, mama mzee ambaye jina lake limo sandukuni humo kwa sababu tu mwanawe anaendesha gari ana kinga gani? Dereva ameridhia kwa nafsi yake. Ridhaa ya mamaye hakuwa nayo mkononi, wala haikuwa yake kuitoa.

Yamkini msomaji atatujibu kwamba hakuna mzazi ambaye asingeilipa gharama hiyo kwa furaha. Tunakubali, na hata tunasema zaidi: haki ya kupashwa khabari ya mtoto wako ni nzito kuliko haki ya namba yako kutojulikana. Saa sita zile hazirudishiki. Lakini kwamba mtu angekubali si sawa na kwamba amekubali. Jirani anayechuma maembe yako kwa kuwa anajua hungemnyima, amekunyima jambo moja: nafasi ya kumpa. Tena, anayeulizwa hupata kusema mengine. Husema, "Namba hiyo siitumii tena," au, "Mimi nina moyo dhaifu, mwandike shangazi yako."

Hilo la moyo tusilipite upesi. Kwetu tanzia haitupwi. Mjumbe hufika, hukaribishwa, huuliza hali. Huanza kwa kusema mgonjwa amezidiwa, na aghalabu aliyefikiwa hutambua kabla neno lenyewe halijatamkwa. Wengine huona huo ni uongo. Sisi twauona kuwa ni huruma. Namba ya simu yaweza kuifuta kazi yote hiyo kwa nusu dakika. Kwa hiyo twaona namba itumike kumtafuta mtu alipo, kisha binadamu aende mlangoni. Na ikiwa majeruhi yu hai bado, hapo simu ipigwe mara moja, maana kila dakika ni ya kumwahi.

Ama kuhusu kuchagua watu wawili tu katika ukoo mzima, hiyo ni fitina ambayo twawaachia wenye ukoo.

Muhula huu tumeibadili fomu yetu ya mazoezi. Chini ya mstari wa mtu wa kuarifiwa tumeongeza mwingine: "Je, umemwuliza?" Siku ya kwanza darasa lilicheka. Mwanafunzi mmoja wa masomo ya jioni, dereva wa lori, hakucheka. Aliomba ruhusa, akatoka ukumbini kupiga simu, na aliporudi alilifuta jina aliloliandika akaandika jingine.