Mzigo wa Nyuki na Kinachodondoka Njiani

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo hapa Garissa kuna swali lisilokosa kurudi: je, mume anayetuma pesa za matumizi kila mwisho wa mwezi ametimiza wajibu wake wa ndoa? Wengi wetu tuko huku kwa ajili ya kazi. Tuna walimu, askari, wauguzi na mafundi, na mwenzi amebaki nyumbani mbali akitunza shamba na watoto. Aliyetuma anaona amemaliza. Aliyepokea anaona kuna kitu hakikufika, lakini anaona haya kusema, kwa kuwa karo imelipwa na unga upo.

Kabla ya kujibu, twende kwenye mashamba ya matikiti kando ya mto Tana. Mwezi wa Januari na Februari, nchi ikiwa imekauka, bustani zinazomwagiliwa kwa pampu hubaki kijani, na nyuki huzifuata. Ukitaka kuwaona, nenda asubuhi. Ua la tikiti hufunguka baada ya jua kuchomoza, ikifika alasiri limefunga, wala halifunguki tena kesho yake. Mmea mmoja una maua dume na maua jike. Ua jike utalitambua kwa kijitikiti kidogo kilichovimba chini yake. Chavua, ule unga wa manjano, inanata, hata upepo hauwezi kuipeleka. Ni lazima nyuki aingie katika ua dume, kisha katika ua jike, na si mara moja tu. Ua likitembelewa mara chache, tunda huanguka lingali changa, au hukua limepinda upande mmoja. Mkulima asiyejua hulaumu mbegu.

Sasa mtazame nyuki mwenyewe. (Wote wanaotoka kutafuta chakula ni majike, jambo ambalo akina mama hupenda nikilitaja.) Hakuja kulisaidia tikiti. Anakusanya chavua, anailowesha kwa maji matamu ya maua, kisha anaishindilia kwenye miguu ya nyuma kama vikapu viwili, ili apeleke mzingani kulisha majana. Ile iliyoshindiliwa vikapuni hailifai ua tena. Tunda hutokana na chembe zilizoshika manyoya ya mwili wake, zinazodondoka anapopita.

Pesa za matumizi ni mzigo wa miguuni. Ni za lazima, kwani majana wasiolishwa hufa, na wala sisemi mtu aache kutuma. Najua wako ambao wangelifurahia fundisho hilo. Lakini vinavyoshika tunda ni vile visivyo na risiti: kuuliza goti la mama linaendeleaje, kukumbuka kwamba leo mtoto ana mtihani, kumngoja mwenzako amalize kusema. Mtume Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba mtu anaweza kugawa mali yake yote bila upendo, na isimfae kitu.

Mtu atanipinga: nyuki huleta matunda bila kukusudia, basi nami nifanye kazi yangu tu, mema yatadondoka yenyewe. Hoja hii ina nguvu, ila imesahau kwamba nyuki hufika. Kabla ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, pesa nyingi zilifika kwa mkono wa mtu, na mara nyingi ni mume mwenyewe aliyezileta. Alikaa, akanywa chai, akaona paa linavuja. Siku hizi mzigo unaruka kilomita 370 hadi Nairobi, na mbali zaidi, bila mbebaji. Kitadondoka nini? Tena nyuki hasifiwi wala halaumiwi, kwa sababu hajui. Sisi tunajua kwamba ua hufunga alasiri.

Wengine husema kwamba salamu iliyopangiwa saa haitoki moyoni. Siafikiani nao. Mkulima anayeweka mizinga kando ya shamba hajawageuza nyuki kuwa wa bandia. Amewasogeza tu karibu na maua. Ukijiwekea saa mbili usiku ya kumpigia mkeo, hata siku uliyochoka, huo ni upendo uliojengewa mahali pa kukaa.

Na anayepokea naye ana sehemu yake. Ukipulizia dawa ya wadudu asubuhi, maua yakiwa wazi, unaua nyuki pamoja na viwavi. Ndiyo maana wakulima hushauriwa kupulizia jioni. Mwenzako akipiga simu na neno la kwanza likawa deni la dukani, ataanza kuiogopa hiyo simu. Deni lazima litajwe, tena lote. Mnaweza kutenga Jumamosi jioni kwa hesabu za nyumba, na simu za siku nyingine zisiguse pesa, isipokuwa mtoto akiugua.